Keshokutwa Nane

Kijiwe chetu ni benchi moja refu la mbao, mguu mmoja umefungwa waya, limeegemea ukuta wa karakana yangu ya kujalidi vitabu. Kulia kuna kinyozi, kushoto fundi cherehani, na mbele yetu hukaa Mama Birika na jiko lake la mkaa, vikombe vidogo vimepinduliwa juu ya sinia. Alasiri, jua likishahama ukuta, watu huja mmoja mmoja bila kuitwa. Mimi wananiita Fundi Gundi, na sikatai, maana hata nikinawa kwa ajili ya sala gundi haitoki yote kwenye kucha. Shule yangu ilikuwa fupi. Kiingereza nakisoma kwa kidole, herufi baada ya herufi. Nayasema haya mapema kwa sababu habari yenyewe inaanzia kwenye kosa langu, na sitaki mtu adhani nilikaa pembeni nikitazama wenzangu wakikosea.

Mwanzo wa mwezi binti mmoja aliniletea kamusi kubwa ya Kiingereza ya baba yake, mwalimu mstaafu. Ni kamusi ya zile zinazoeleza kila neno lilianza kuonekana mwaka gani, nani aliliandika, na kama limekufa, mara ya mwisho lilisikika lini. Ilikuwa juzuu moja kati ya nyingi, ya herufi O, nzito ya kubebwa kwa mikono miwili, mgongo umeachia, nyuzi zimeoza. Binti alinieleza polepole. Baba yake macho yanamwishia. Kila siku saa nne asubuhi hukaa dirishani na lenzi yake, husoma ukurasa mmoja mpaka saa sita, basi. Ndivyo alivyosoma tangu astaafu, kuanzia A. Sasa O imebakiza kurasa arobaini na kitu, na anamwomba Mungu azimalize kwa macho yake mwenyewe.

– Siku ngapi, fundi? akaniuliza.

– Njoo keshokutwa, nikasema.

Kitabu kikubwa hushonwa kwa mikunjo, kurasa kumi na sita kumi na sita zilizokunjwa pamoja, kisha mikunjo yote hufungwa kwa uzi mgongoni. Nilifumua nyuzi siku ile ile, nikapanga mikunjo mezani. Alasiri mwenzetu tunayemwita Wakili wa Bure akaingia kuazima kiberiti, akaokota mkunjo mmoja, akasoma neno moja kwa sauti, na kijiwe kikanyamaza kumsikiliza. Hajawahi kusikilizwa hivyo hata siku moja. Kesho yake wakataka neno jingine. Tukajiwekea utaratibu: birika moja, neno moja. Halafu wakaomba waende nayo nyumbani, wachague vizuri, nikawapa mikunjo mitatu ya mwisho, kila mtu wake. Fundi yeyote wa kazi hii akisikia hivyo atashika kichwa. Mkunjo usioshonwa hauazimwi. Ukipotea mmoja, kitabu kizima kimekuwa kilema. Nami nilijua. Waliponiuliza kama mwenyewe hatakasirika, nikasema hana haraka.

Binti alikuwa akija asubuhi, kabla kijiwe hakijakaa. Kila akija nilimwambia gundi haijakauka, aje keshokutwa. Gundi yenyewe nilikuwa sijaikoroga.

Basi siku ninayoisimulia, Wakili alikuja na mkunjo wake ndani ya bahasha ya kaki. Huyu alikuwa tarishi wa mahakama miaka thelathini na moja, akibeba mafaili kutoka chumba hadi chumba, na Kiingereza alikiokota humo milangoni.

– Leo nimekuja na maiti, akasema akiketi.

– Ya nani? akauliza Redio, kinyozi wetu, ambaye habari humfikia kabla haijatokea.

– Ya neno. Tazama hapa. Unaona alama kama kijambia kidogo? Neno likiwekewa kijambia ujue limekufa, hakuna anayelisema tena.

– Limechomwa.

– Limekufa, Redio. Kijambia ni alama tu.

– Mimi nikimkuta mtu amelala na kisu kimesimama juu yake, siulizi kama ni alama.

Kipimo, fundi cherehani, alikuwa na utepe wake shingoni kama kawaida. Hata msikitini, hata kanisani, hata hospitali, hauvui.

– Marehemu alikuwa anaitwa nani? akauliza.

– Ovamoro, akasema Wakili. Karibu miaka mia tano iliyopita alikuwa mzima wa afya. Maana yake keshokutwa.

Mama Birika akaacha kupuliza mkaa.

– Ngoja, akasema Redio. Waingereza hawana keshokutwa?

– Siku wanayo. Jina ndilo hawana. Wakitaka kuitaja wanazunguka: siku ile iliyo baada ya kesho.

– Maneno yote hayo kwa siku moja?

– Yote.

– Na juzi?

– Juzi nayo ilikuwa na jina lake. Limekufa vile vile.

– Basi ni ugonjwa wa ukoo, akasema Kipimo. Umeanza kwa mmoja ukahamia kwa mwenzake.

Redio akageuza kikombe mkononi. Tukajua nadharia inakuja.

– Mimi najua kilichoiua. Ukungu. Kule kwao kuna ukungu mzito. Mtu akisimama mlangoni, kesho anaiona kwa shida, keshokutwa haioni kabisa. Sasa utakipaje jina kitu ambacho hukioni?

– Mungu humwoni na unamwita, nikamwambia.

– Fundi, usilete dini. Tunazungumza hali ya hewa.

– Ukungu umekuwepo siku zote, akasema Wakili. Mbona lisife mapema? Lazima kuna mtu alihusika.

– Mafundi, akasema Kipimo.

– Unajitia kitanzi mwenyewe?

– Nasema kweli. Neno ni kama goti la suruali, lina idadi yake ya kupigwa chini. Mafundi cherehani wa kule walikuwa wanalisema asubuhi, mchana na jioni. Njoo ovamoro, kola bado. Njoo ovamoro, vifungo bado. Likapauka, likawa jembamba, siku moja mtu akalitamka likamchanikia mdomoni.

– Wewe kwa siku unalisema mara ngapi? akauliza Mama Birika.

– Mama, mimi naeleza ya kule.

Wakili alikuwa akitikisa kichwa taratibu, vile anavyotikisa mtu aliyewahi kusikia hukumu nyingi kupitia tundu la ufunguo.

– Mmekaribia lakini hamjafika. Lilifutwa na mahakama. Kulikuwa na mteja amempeleka fundi mahakamani. Hakimu akamuuliza fundi, kazi ya mtu utaitoa lini? Fundi akasema, ovamoro, mheshimiwa. Hakimu akaahirisha kesi. Siku ikafika, akauliza tena, akajibiwa tena, ovamoro. Ikaenda hivyo miaka miwili. Mwisho hakimu akavua miwani, akasema, hili neno kila nikilifuata linasogea mbele kwa siku mbili. Kuanzia leo ni marufuku kulitumia katika nchi hii.

– Imeandikwa hapo?

– Haikuandikwa. Ni mantiki.

– Basi mnalisingizia kufa, akasema Redio, sasa amepata moto. Halikufa. Lilitoroka. Liliposikia hakimu analitafuta likapanda meli, likashuka huku kwetu, likabadilisha jina. Tazama afya yake hapa. Dukani lipo, ofisini lipo, kila ukigusa mlango linakupokea. Neno nene namna hii haliwezi kuwa lilizaliwa hapa. Lilikuja likiwa mtu mzima.

– Mimi halijawahi kunifaa, akasema Mama Birika. Nimwambie mteja kahawa keshokutwa? Yeye abaki na kiu, mimi nibaki na birika. Hilo ni neno la watu wanaofanya kazi ndani, mlango umeegeshwa. Kama Fundi Gundi.

Wote wakanigeukia wakicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote.

Ndipo akaja mwanamke mmoja na mkoba wa kitambaa. Akamkuta Mama Birika, akaomba kahawa, akatazama benchi.

– Shikamooni, baba zangu. Naweza kukaa?

– Marahaba, mwanangu, akasema Wakili. Redio, sogea, wewe unachukua nafasi ya watu wawili na akili ya nusu mtu.

Alikuwa ni binti wa mwalimu. Hajawahi kuja alasiri. Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini na kipande cha nta mkononi, akaniona, akanisalimia kwa kichwa tu, akakaa. Wenzangu hawakumjua. Nilipaswa kusema pale pale, jamani, huyu ndiye mwenye kitabu. Ulimi ukawa kama umepakwa gundi yangu mwenyewe. Hilo lilikuwa kosa la pili, na lilikuwa baya kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza nililifanya kwa furaha na hili nililifanya kwa woga.

– Mnazungumza nini? akauliza.

– Msiba, akasema Redio. Waingereza wamefiwa na keshokutwa.

Akamweleza yote, ukungu, mahakama, meli, na kila alipofika mahali penye pengo alijaza mwenyewe. Binti akasikiliza na kikombe chake kimetulia. Hata akatabasamu kidogo hadithi ilipofika kwenye goti la suruali la Kipimo.

– Na haya mmeyapata wapi?

– Kwenye kamusi ya kijiwe.

– Kijiwe kina kamusi?

– Tena si ya mchezo. Kila mtu ana fungu lake nyumbani. Huyu Wakili analo hili. Kipimo analo lake, mkwewe humsomea wakati wa kuosha vyombo. Mimi langu naweka chini ya mto. Jana nimepata neno la mwanga ule wa jioni, mwanadamu haoni vizuri, bundi ndiyo kwanza anaanza kuona. Wana jina lake, mwanga wa bundi. Fikiria, mtu alikaa akaupa jina mwanga.

– Zuri, akasema binti.

– Tuna wiki ya tatu sasa. Hatujamaliza hata robo.

Akatua kikombe juu ya benchi, akakizungusha mpaka kikakaa sawa kwenye mbao.

– Na mwenye kitabu, akauliza, yeye siku hizi anasoma nini?

Aliuliza kwa sauti ile ile ya kuomba kahawa. Kipimo akaanza kuukunja utepe wake. Wakili akautazama mkunjo uliokuwa magotini mwake kana kwamba jibu liko humo, na humo ndimo lilimokuwa, ila si la kusomwa.

– Mwenyewe nani? akasema Redio hatimaye. Fundi, mwenyewe ni nani? Si ulisema hana haraka?

– Nilisema, nikajibu. Nilidanganya.

Hakuna aliyenisaidia, na sikustahili kusaidiwa. Nikawaambia huyu ni binti yake. Nikawaambia habari ya macho, dirisha, saa nne hadi saa sita, na kurasa arobaini. Nikawaambia ameshakuja mara nane, na mara zote nane nimempa keshokutwa.

– Nimehesabu na mimi, akasema binti. Nane.

Wakili akairudisha miwani yake juu ya pua, ingawa ilikuwa haijashuka.

– Baba anasoma karatasi za dawa, binti akaendelea. Zile zinazokunjwa ndani ya boksi. Saa nne ikifika anakaa dirishani na lenzi yake, na kwa kuwa kitabu hakipo, anasoma hizo. Amezihifadhi kichwani. Jana aliniuliza mbona wamepunguza ukubwa wa maandishi yake. Ni karatasi ile ile ya mwezi uliopita. Leo akaniambia, nenda alasiri, asubuhi fundi huwa hajaamka vizuri. Sasa nikirudi, nimwambie nini?

Redio alikuwa anatazama viatu vyake. Nikasikia Mama Birika anainamisha birika juu ya kikombe cha Kipimo, na halikutoa kitu. Akalitikisa mara moja, akalilaza kando ya jiko.

– Limeisha, akasema. Inukeni.

Kipimo ndiye aliyeinuka kwanza, akashika njia ya kwake bila kuaga. Redio akafunga kibanda chake cha kunyolea mchana kweupe, jambo ambalo hufanya kwa mazishi tu. Wakili hakuwa na pa kwenda, mkunjo wake ulikuwa hapo; akaupangusa kwa kiganja, akaniletea mezani kwa mikono miwili kama alivyokuwa akipeleka mafaili.

– Nimepiga alama za penseli, akaniambia kwa sauti ya chini. Ndogo ndogo. Zinafutika?

– Zinafutika.

– Mwambie yule binti ni mimi.

Mkunjo wa Kipimo ulirudi umefungwa kwenye kitambaa cha bitana ya koti, umenyooka kuliko ulivyotoka. Nadhani aliupitisha pasi. Wa Redio ulikuwa na nywele fupi fupi katikati ya kurasa, tukazipuliza. Na kwenye ukurasa wa ovamoro palikuwa na duara la kahawa, kamili, lenye ukubwa wa kitako cha kikombe. Wakili akaapa si lake. Kweli halikuwa lake. Ni siku ile ya kwanza, mkunjo ukiwa bado mezani kwangu, nilipouweka wazi ili usomwe wote wasikie, nikatua kikombe juu yake. Madoa ya kahawa hayatoki kwenye karatasi ya zamani. Nilimwonyesha binti, nikamwambia hili litabaki, na ni langu.

– Sawa, akasema.

Alikaa kwenye benchi muda wote nikishona. Kipimo alinipakia nta kwenye uzi, kwa kuwa mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Redio alishika taa ya simu nilipokuwa napitisha sindano kwenye matundu ya zamani, na kwa mara ya kwanza alifanya kazi bila kuieleza. Kabla jua halijazama, mgongo ulikuwa umeshikamana na gundi ilikuwa imekorogwa kweli, nikabana kitabu kwenye kibano.

– Inakauka lini? akauliza binti.

Neno lile likapanda lenyewe hadi kwenye meno, kwa mazoea. Wote walikuwa wananitazama mdomo.

– Kesho saa tatu unusu nitakileta mwenyewe, nikasema. Niandikie njia.

Usiku huo niliomba msamaha, na asubuhi nikaomba tena, kwa kuwa nilihisi wa usiku niliuomba nikiwa na usingizi. Saa tatu unusu nilikuwa mlangoni kwa mwalimu na kitabu kifuani. Alikuwa ameshakaa dirishani, mzee mwembamba mwenye shati lililofungwa hadi kifungo cha shingo. Akaupapasa mgongo wa kitabu kwa kidole gumba, juu hadi chini, akakifungua kitabu mara mbili kusikia unavyolia.

– Kazi nzuri, akasema. Imechelewa.

– Imechelewa, mwalimu. Gundi haikuwa na kosa. Nilikuwa na kosa mimi.

Nikamweleza. Hakunikatiza, ila kwenye hadithi ya hakimu akataka niirudie. Kisha akauliza:

– Mlifika wapi?

– Ovamoro, mwalimu.

– Mmeniruka. Mimi nilikuwa bado nyuma kurasa tisa.

Akafungua pale alipoishia, palikuwa na kipande cha uzi wa alama nilichokuwa nimekirudisha. Akashusha lenzi, akasogeza kitabu kwenye mwanga, akainua lenzi, akaishusha tena. Nje mtoto wa jirani alikuwa anasukuma tairi. Akapita, akarudi, akapita. Mwalimu akasogeza kiti. Binti yake alikuwa amesimama jikoni na sufuria mkononi, hasogei.

– Wiki tatu zilizopita ukurasa huu niliuona, akasema mwalimu.



Akaiweka lenzi kwenye ukingo wa dirisha, karibu na karatasi za dawa, akafunga mikono.

– Wewe unasoma Kiingereza?

– Kwa kidole, mwalimu. Polepole.

– Mimi mwenyewe nilikuwa sina kasi. Keti. Anzia hapo juu kushoto.

Nikaketi, nikaweka kidole. Nilipokosea alinirekebisha bila kutazama ukurasa, na nilikosea sana. Mpaka saa sita tulikuwa tumemaliza safu mbili, shingo yangu imetoka jasho.

– Basi, akasema. Zimebaki kurasa nyingi. Una kazi yako, na mimi siendi popote. Uje keshokutwa.

– Kesho, mwalimu, nikamwambia. Nitakuja kesho.